Simulesheni inasema 93.6, paneli inasema 86: zilizobaki zimekwenda wapi?

Bwambale_fundi (Kasese)

Salamu kwenu wakubwa.

Niko kwenye kituo kidogo cha umeme wa maji huku chini ya Rwenzori. Jina la kituo mnisamehe, bosi wangu naye huingia humu. Mashine ni Francis (aina ya mtambo unaozungushwa na maji), shafti imesimama wima. Mwanguko (kimo ambacho maji yanashuka) ni mita 100, nimeusoma kwenye geji ya presha pale kwenye vali kuu, si kwenye michoro. Maji ni mita za ujazo 5 kwa sekunde, mizunguko 750 kwa dakika, na rana yenyewe, yaani gurudumu la mapanga linalozungushwa na maji, ina kipenyo cha sentimita 85. Ilipofungwa ilikuwa inatoa kilowati 4,360. Leo, kwa maji yaleyale na presha ileile, inatoa 4,220 na haipandi hata ukiibembeleza.

Tuna kijana wa mafunzo kutoka chuoni, anaijua OpenFOAM (programu ya kuiga mwendo wa maji kwenye kompyuta) kuliko anavyojua spana. Tumeshirikiana naye kuchora konokono la kuingizia maji, mageti, rana na bomba la kutokea. Tukaendesha simulesheni kwenye laptopu yake yenye GB 16 za kumbukumbu. Ikatupa ufanisi wa 93.6 kwa mia. Kwenye paneli ya jenereta nikipiga hesabu napata 86.

Bosi anasema hiyo tofauti yote ni maji yanayovuja kwenye sili za labirinthi (pete zenye mifereji zinazozuia maji yasipite pembeni ya rana), ya juu na ya chini, na yuko tayari kuagiza pete mpya kabla ya mvua za Machi. Mchoro unasema mwanya wa sili ni milimita 0.5. Tulijaribu kuuingiza mwanya huo kwenye meshi (gridi ya seli ndogo ambazo kompyuta huzipigia hesabu), laptopu ikaganda mpaka tukaizima kwa nguvu.

Sasa naomba kujua: je, ni lazima mwanya uwemo kwenye simulesheni? Na je, bosi yuko sahihi?

---

kazi_ya_mto (Fort Portal)

Zimekwenda Ziwa George pamoja na mchanga wenu, ha ha.

Lakini kweli ndugu yangu, hiyo 93.6 ni ya nini na hiyo 86 ni ya nini? Isije ikawa unalinganisha mbuzi na ngozi ya mbuzi.

---

Atwooki (Hoima)

Bwambale, kazi_ya_mto ametania lakini amegusa penyewe. Futa kwanza hiyo tofauti ya 7.6 kichwani, maana haipo. Simulesheni yako imekupa ufanisi wa maji kwenye mapanga ya rana tu. Paneli inakupa umeme. Kati ya hapo na hapo kuna vitu vitatu vinavyokula kabla hata hujataja mvujo.

Jenereta ya ukubwa wenu, ikiwa nzima, hurudisha kama 96.5 kwa mia. Zidisha: 93.6 inakuwa 90.3. Beringi zinakula karibu nusu asilimia. Halafu kuna msuguano wa diski, ambao watu wengi husahau: mgongo wa rana na mkanda wake wa chini vinazunguka ndani ya maji yaliyofungiwa, navyo vinayakoroga bure. Huo hupanda kwa kipeo cha tatu cha mizunguko na kipeo cha tano cha nusu kipenyo, kwa hiyo kwenye rana kubwa yenye kasi unauma. Kwenu, sentimita 85 na mizunguko 750, napata kilowati 10 hadi 20. Weka asilimia 0.3.

Umebaki na 89.5. Tofauti ya kweli ya kutafuta ni kama 3.5, siyo 7.6. Na ndani ya hiyo 3.5 kuna mvujo ambao hata mashine mpya huwa nao.

Sasa mvujo. Usiwashe laptopu. Chukua kalamu.

Maji yakitoka kwenye mageti na kufika mlangoni mwa rana, sehemu ya presha imeshageuka kuwa mwendo. Iliyobaki, kwa mashine kama yenu, ni kama nusu ya mwanguko na ushee. Tuseme mita 55. Hiyo ndiyo inayosukuma maji yapite kwenye mwanya badala ya kupita kwenye mapanga. Kanuni ni ileile ya tundu kwenye tangi: Q = C × A × √(2gh), yaani Q ni mvujo, A eneo la mwanya, g mvuto wa dunia, h mita za presha, na C namba inayoonyesha mwanya unavyoyabana maji. Kwa mita 55, √(2gh) ni mita 33 kwa sekunde. Sili yenye kipenyo cha sentimita 80 na mwanya wa milimita 0.5 ina eneo la sentimita za mraba 12.6. Labirinthi yenye ncha kali bado ina C ya karibu 0.5. Unapata lita 21 kwa sekunde kwa sili moja, lita 41 au 42 kwa zote mbili. Hiyo ni asilimia 0.8 ya maji yenu. Ndiyo mvujo wa mashine mpya.

Mwanya ukifika milimita 1.5, eneo ni mara tatu, na ncha za labirinthi zimeshalainika kama sabuni kwa hiyo C nayo inapanda, tuseme 0.6. Sili moja inavujisha lita 74. Mbili, karibu 150. Hiyo ni asilimia 3.

Umeona? Mwanya wa kwenye mchoro unakupa 0.8, mwanya uliolika unakupa 3, na simulesheni haiwezi kukuambia uko wapi kati ya hizo mbili. Ukiingiza 0.5 kwenye kompyuta, itakurudishia jibu la 0.5 likiwa na rangi nzuri nyekundu na bluu. Mabosi wanapenda sana hizo picha. Lakini mwanya unapimwa kwa mkono.

Kuhusu meshi kuganda: hesabu mwenyewe. Ndani ya nusu milimita unahitaji seli kama 15 kwa upana ili tabaka la mpakani, yale maji membamba yanayoburuzwa na ukuta, lionekane. Duara la sili ni mita 2.5. Hata ukizivuta seli ziwe ndefu mara mia kuliko unene wake, bado unahitaji kama 750 kuzunguka duara, na kama 120 kwa urefu wa sili. Zaidi ya milioni 1.3 kwa sili moja, na hujachora vijiti vya labirinthi. OpenFOAM hula takriban GB moja kwa kila seli milioni. Laptopu yenu ilikuwa na haki ya kukasirika.

Dawa ni kutenganisha. Simulesheni ya mashine nzima (tuiite mashine kubwa) endesha bila mwanya, kama mlivyofanya. Humo chukua presha na mzunguko wa maji pale yanapoingilia kwenye sili. Kisha chora kipande cha sili peke yake, digrii mbili tu za duara, kuta za pembeni ziwe za kujirudia. Kipande hicho hata laptopu ya GB 8 inakiweza, tena kwa meshi laini kabisa na modeli ya msukosuko ya k-omega SST. Kinakupa mvujo na C ya kweli ya labirinthi yenu badala ya hii 0.5 yangu ya kalamu. Rudi kwenye mashine kubwa, punguza mvujo huo kwenye maji yanayoingia rana, endesha tena. Mizunguko miwili ya namna hiyo inatosha.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, maji yanaingia kwenye sili yakiwa tayari yanazunguka, hayaingii yakiwa yamenyooka. Ukuta wa rana pale unakwenda mita 31 kwa sekunde. Ukiyapa maji kasi ya kunyooka tu, utapata mvujo usio wao. La pili ni la OpenFOAM yenyewe: mkiweka eneo la sili ndani ya fremu inayozunguka bila kuutaja ukuta wa pete tuli (ile isiyozunguka) kwenye orodha ya nonRotatingPatches, programu itauzungusha ukuta huo pamoja na rana. Kuta zote mbili zitakwenda pamoja na msuguano utatoweka. Matokeo yatapendeza sana.

---

Masika_M (Kampala)

Asante Atwooki, lakini kidogo nipinge. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, na naona kutenganisha kunaacha kitu. Mvujo wa sili ya chini haupotei hewani, unarudi kwenye bomba la kutokea ukiwa na mzunguko wake, ukilambaa ukutani. Unaweza kubadilisha namna maji yanavyoshikamana na ukuta wa koni (mwanzo wa bomba hilo, chini ya rana), na ufanisi wa bomba lenyewe. Kalamu haioni hilo.

Pia kuna mfano wa wazi ambao Bwambale anaweza kujifunzia: Francis-99, modeli ya kituo cha Tokke cha Norwei. Michoro na vipimo vyake vya maabara vilitolewa bure na chuo kikuu cha NTNU pamoja na Luleå cha Uswidi. Rana ina mapanga 15 makubwa na 15 madogo, mageti 28. Mtu akishajaribu programu yake pale na kupata namba zinazokaribia za maabara, ndipo aiamini kwenye mashine yake ambayo haina maabara.

Na kwa nini asipime ufanisi kwa joto? Nguvu inayopotea inageuka joto ndani ya maji. Ukipima joto la maji kabla na baada, huhitaji hata kujua mtiririko.

---

Atwooki (Hoima)

Masika, la kwanza nakubali. Ndiyo maana nilisema arudi kwenye mashine kubwa, na mvujo wa chini auingize kwenye koni kama mlango mdogo wa pili wenye mzunguko wake. Hilo linawezekana bila kuchora mwanya.

Francis-99 pia sawa, na kijana wa mafunzo aanzie hapo.

La joto, hapana, si kwa Bwambale. Mwanguko wote wa mita 100 ukigeuka joto, maji yanapanda digrii 0.23 tu. Yeye anatafuta asilimia 3 ya hiyo, yaani chini ya mia moja ya digrii. Kiwango cha kimataifa cha upimaji, IEC 60041, chenyewe huikubali njia hiyo kuanzia joule 1,000 kwa kilo, na mita 100 ni joule 981. Yuko nje ya geti. Huko Norwei kwenye vituo vya mita mia tano ni sawa.

---

BintiJinja (Jinja)

Mimi niongeze la huku kwetu, ingawa halimsaidii Bwambale moja kwa moja. Vituo vya Nile vya Nalubaale, Kiira, Bujagali na Isimba vyote havina shida hii ya sili, kwa sababu mashine zake ni za aina ya propela, kama Kaplan. Kwetu mvujo uko kwenye ncha za mapanga, kati ya panga na ukuta, na mwanya wa kawaida ni kama sehemu moja ya elfu ya kipenyo. Na maji yetu yametoka Ziwa Victoria, mchanga umeshalala ziwani. Taabu yetu ni magugu na visiwa vinavyoelea, kama kile cha Aprili 2020 kilichozima nchi nzima. Karuma ndiyo Francis, mashine sita za megawati 100.

Kwa hiyo Bwambale, usichukue vitabu vya watu wa Nile. Mito yenu inatoka mlimani na kwarizi. Kwarizi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, na chuma cha kromi 13 nikeli 4 ambacho rana nyingi hutengenezwa nacho ni laini kuliko hiyo. Angalia kazi za Wanepali kuhusu kituo cha Jhimruk, megawati 12, Francis tatu, mto wenye mchanga mwingi. Huko mageti nayo yanalika kwenye ncha zake za juu na chini, maji yanapenya kutoka upande wa presha kwenda upande mwingine, na kile kimbunga kidogo kinachotokea hapo kinakwenda kuipiga rana mlangoni. Mvujo wa sili ni mmoja tu kati ya mivujo.

---

Bwambale_fundi (Kasese)

Nimerudi. Banange, mmenifungua macho.

Kituo kilisimamishwa kwa ajili ya kusafisha chekeche za kuingizia maji, nikaingia na kijana kwenye bomba la kutokea kupitia mlango wa ukaguzi. Kutoka chini unaifikia sili ya chini kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya). Nimepima sehemu nne: upande wa mto milimita 1.2, upande wa pili 1.8, na katikati zote mbili 1.5. Ncha za labirinthi ni za mviringo kabisa, ukipitisha kidole hazikuni.

Sili ya juu haifikiki bila kuinua kifuniko, lakini maji yake yote yanatoka kwa mabomba mawili ya kupunguza presha yanayotoka kwenye kifuniko kwenda chini. Niliazima mita ya mtiririko ya mawimbi ya sauti, ile ya kubana nje ya bomba. Tulipowasha mashine, mabomba yote mawili kwa pamoja yalisoma lita 58 kwa sekunde.

Kijana amemaliza kile kipande cha digrii mbili kwa mwanya wa 1.5 na ncha za mviringo. C imetoka 0.59.

Kwa hiyo sili ya juu 58, ya chini kama 73 au 74. Bosi bado anataka kuagiza.

---

Atwooki (Hoima)

Kazi safi sana, ssebo. Huo mtego wa mabomba ya kifuniko wengi huwa nao miaka na miaka bila kuutumia. Hakikisha tu mita ilikuwa kwenye sehemu iliyonyooka, vipenyo kumi kabla na vitano baada, na bomba limejaa. Mabomba hayo hupenda kuchukua hewa na hewa huichanganya mita.

Tupige hesabu. Jumla lita 132, asilimia 2.6. Toka 89.5 unafika 87.1. Paneli inasema 86. Imebaki moja na kidogo, na hiyo ni mapanga yaliyolika, ncha za mageti alizosema BintiJinja, na kosa la kupima mtiririko mkuu, ambalo kituoni si ajabu likafika asilimia 1 au 2 peke yake.

Kwa bosi, sema hivi: pete mpya zitarudisha mvujo kwenye lita 41. Lita 91 zitarudi kwenye mapanga. Mara 9.81 ya mvuto wa dunia, mara mwanguko, mara ufanisi wa rana na jenereta, ni kilowati 80 hivi kwenye paneli. Mmepoteza 140. Pete zitawarudishia zaidi kidogo ya nusu, na 60 zilizobaki hazimo kwenye sili. Kama anaagiza pete akitarajia 4,360, atakuja kumlaumu fundi. Kilowati 80 kwa saa 6,000 za mwaka ni kilowati-saa 480,000, azidishe kwa bei ya mkataba wenu aone kama inalipa pete na siku za kusimama. Mimi nadhani inalipa, lakini hesabu ni yake.

Ila nilichokiona kwenye ujumbe wako ni hizo 1.2 na 1.8. Hizo zinanisumbua kuliko wastani. Zinaonyesha kama rana iko nje ya kitovu kwa milimita 0.3. Ukifunga pete mpya ya 0.5 hapo, upande mmoja utabaki na 0.2, na kwa mtikisiko wa kawaida tu itagusa. Nimeona pete ikigusa. Inajichomelea kwenye rana na hakuna anayeitoa kwa nyundo.

Kabla ya kuagiza, zungusha rana nusu duara kwa mkono halafu pima tena palepale. Kama 1.2 imebaki upande wa mto, basi pete tuli au shafti imehama, nenda kwenye beringi ya kuongoza. Kama 1.2 imehamia upande wa pili, rana yenyewe si duara tena, imelika upande mmoja, na itabidi ichongwe kwanza ndipo pete ikatwe kufuata kipenyo kipya.

---

Bwambale_fundi (Kasese)

Tumezungusha. Imebaki upande wa mto.

Nikaenda kwenye kitabu cha joto: beringi ya kuongoza ya chini iko sawa, lakini ile ya kubeba uzito imepanda digrii sita tangu mwaka jana. Inahusiana?

---

Atwooki (Hoima)

Inahusiana, ila kwa mlango mwingine. Sili ya juu ikilika, maji mengi yanaingia chini ya kifuniko kuliko mabomba yale mawili yanavyoweza kuyatoa, presha juu ya mgongo wa rana inapanda, na rana inasukumwa chini. Mzigo huo unabebwa na beringi ya uzito. Funga geji ndogo ya presha kwenye kifuniko, kuna plagi pale, uandike kila zamu. Pete mpya ya juu itapunguza joto hilo.

Kuhusu kuhama: pima mwanya wa pedi za beringi ya kuongoza zote, moja moja, shafti ikisukumwa kwa jeki ndogo kila upande. Beringi inaweza kuwa baridi na bado imepanuka. Zikiwa sawa, basi ni pete tuli iliyolika upande mmoja kwa mchanga, na hiyo ndiyo habari nzuri kuliko zote, kwa sababu unaibadilisha hata hivyo. Pete muagize ya shaba nyeusi, si chuma cha pua, ili siku ikigusa ilike yenyewe na rana ipone. Kuna karakana Jinja wanaochonga kipenyo hicho.

---

Bwambale_fundi (Kasese)

Sawa Atwooki. Jeki ninayo, pedi ni nane. Nitaweka vipimo humu.